Kuchovya Mpaka Chini

Maharage niliyaloweka jana baada ya sala ya isha, na alfajiri ya leo yalikuwa yamevimba mpaka yamejaza sufuria. Ni aina inayoitwa pinto. Kwa Kihispania neno hilo lina maana ya kitu chenye madoadoa, na kweli yakiwa makavu yana michirizi ya kahawia juu ya rangi ya mchanga, kila punje na mchoro wake. Yakishachemka michoro hupotea, yakabaki na rangi moja ya udongo. Nimeyapika mara nyingi tangu nihamie San Antonio, na bado husimama mbele ya jiko dakika zile za mwanzo kuitazama michoro inavyofutika.

Jioni hii mjukuu wa jirani yangu anafanyiwa karamu ya kumaliza sekondari. Kila mwalikwa amepangiwa chakula cha kuleta. Mimi nimepangiwa kile ambacho hapa Texas hakikosekani popote watu wanapokusanyika, iwe ubatizo, siku ya kuzaliwa, au ile Jumapili ya Februari ambayo nchi nzima hukaa mbele ya televisheni kutazama Super Bowl: dipu ya matabaka saba. Chini kabisa ni maharage yaliyopondwa. Juu yake parachichi, kisha krimu chachu iliyotiwa viungo, kisha salsa ya nyanya, jibini iliyokwanguliwa, zeituni nyeusi, na juu ya vyote vitunguu majani. Hupangwa kwenye bakuli la kioo la mstatili, urefu wa sentimita 33 kwa upana wa 23, ili matabaka yaonekane ubavuni. Hakuna kijiko. Kila mtu huja na kaukau yake ya mahindi mkononi, akachovya.

Chakula chenyewe si cha zamani. Kilianza kuenea mwanzoni mwa miaka ya 1980, kupitia kurasa za mapishi za magazeti na mikono ya watu waliokionja kwa fulani wakaenda kukijaribu kwao. Hakina mpishi maarufu wa kusimuliwa. Nafikiri ndiyo sababu wanaoandika mambo makubwa ya mapishi hukipita bila kukitazama. Mimi nimekitazama kwa miaka tisa, na kadiri ninavyokitazama ndivyo ninavyoona kwamba bakuli lile lina mambo ambayo mtu angehitaji rafu nzima ya vitabu kuyapata.

Aliyenifundisha ni jirani yangu huyo, mwanamke aliyevuka sabini. Kwetu Unguja ningemwita Bi Mkubwa. Hapa namwita señora, naye huniita mija, ambayo ni kama kusema mwanangu. Familia yake imeishi kandokando ya mto Rio Grande tangu ardhi ile ikiwa chini ya mfalme wa Hispania. Mara ya kwanza aliponialika nyumbani kwake, alinivuta pembeni ya jiko akanionyesha sufuria mbili za maharage. Mpini wa mojawapo alikuwa ameufunga kitambaa chekundu. Maharage ya kwao hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na yeye alikuwa ameniona napita na mtandio wangu, akaenda kuwauliza watu. “Hii ni yako, mija,” akasema. “Mafuta ya mahindi tu.” Sikuwa nimemwambia neno. Mpaka leo sijui alimuuliza nani.

Siku ile ile alinifundisha kanuni pekee anayoishikilia kuhusu dipu hii. Nilikuwa nimechukua kaukau nikagusagusa juu, kwa adabu ya mgeni, nikapata jibini na kipande cha zeituni. Akanishika mkono. “Hasta abajo,” akasema, mpaka chini. Kaukau inaingia wima, inafika kwenye kioo, kisha ndiyo inapandishwa. Mtu anayekwangua juu akaacha maharage, alinieleza, ni kama aliyefika mlangoni kwa watu akasalimia na kuondoka.

*

Basi nianze chini, kwenye maharage.

Huitwa frijoles refritos, na wengi hudhani maana yake ni maharage yaliyokaangwa mara mbili. Sivyo. Katika Kihispania cha Mexico kiambishi kile cha mwanzo, re-, hutia mkazo tu: yaliyokaangwa sawasawa, yakakolea. Huchemshwa polepole na kitunguu, hupondwa, kisha huingia kwenye kikaango chenye mafuta ya moto na kukorogwa mpaka yanaacha kushikana na chuma. Hapo ndipo pa kuwa na subira. Yakitolewa mapema yana maji, na yakiwa na maji matabaka yote ya juu yatateleza. Yakikaushwa mno yanakuwa kama udongo wa kukandika ukuta, kaukau inavunjika kabla ya kufika. Señora huyapima kwa kupitisha mwiko katikati ya kikaango: njia ikibaki wazi kwa pumzi mbili, kisha ikajifunga taratibu, yako tayari.

Maharage ya jamii hii asili yake ni bara la Amerika. Yalianza kulimwa na wakulima wa Mexico ya leo na wa milima ya Andes maelfu ya miaka kabla ya meli yoyote ya Ulaya kuonekana, na kwetu Afrika Mashariki yalifika baada ya safari za Wareno. Ndivyo ilivyokuwa kwa mahindi, nyanya, pilipili na muhogo. Nilikua nikiamini kwamba maharage ya nazi ni chakula cha bibi zangu tangu dunia iumbwe. Kujua kwamba yalivuka bahari hakujayapunguzia chochote. Kumenifanya nione kwamba bibi zangu na bibi za señora walipokea mbegu kutoka mkono mmoja wa mbali, wakazipika kila mmoja kwa alichokuwa nacho, hawa kwa nazi, wale kwa mafuta ya mnyama.

Tabaka la pili ni parachichi. Wanahua, wenye nchi ya Mexico ya kati, waliliita ahuacatl, na rojo au mchuzi wakauita molli. Yaunganishe maneno hayo na utasikia guacamole, ambayo imevuka miaka mia tano na zaidi ikiwa na jina lake. Nyumbani wazee wengine huliita embe mafuta, jina ambalo nalipenda kwa sababu linaonyesha watu waliotazama tunda geni wakatafuta ndugu yake miongoni mwa matunda waliyoyajua. Ninaliponda kwa uma, si kwa mashine, na kuliacha na mabonge madogo. Chumvi, kitunguu kilichokatwa kidogo kabisa, pilipili ya jalapeño inayochukua jina lake kutoka mji wa Xalapa, majani ya kotmiri, na ndimu.

Ndimu ina kazi mbili. Nyama ya parachichi ikikutana na hewa hugeuka rangi, kwa sababu ndani yake mna kimeng'enya kinachofanya kazi mara tu tunda linapokatwa. Ukali wa ndimu hukichelewesha. Lakini kinga kubwa ni mpangilio wenyewe wa bakuli: krimu chachu hupakwa juu ya parachichi mpaka kingo zote zimezibwa, hewa isipate upenyo. Nilipogundua hilo nilifurahi kama aliyefumbuliwa fumbo. Kumbe matabaka hayakupangwa kwa ajili ya macho tu. Krimu inalifunika parachichi ili libaki kijani mpaka wageni waje, na maharage yanaubeba uzito wa vyote. Aliyepanga hivi mara ya kwanza alikuwa mtu wa jikoni haswa.

Parachichi hizi nilizonunua ni za aina ya Hass. Rudolph Hass alikuwa mgawa barua huko La Habra Heights, California, aliyeuandikishia hataza mti wake mwaka 1935, na mti huo mmoja wa mama ndio uliozaa mashamba ya dunia nzima, pamoja na ya Murang'a, Njombe na Rungwe. Lakini za dukani kwetu zinatoka Mexico, hasa jimbo la Michoacán. Kwa miaka zaidi ya themanini, kuanzia 1914 mpaka 1997, Marekani ilizipiga marufuku kwa hofu ya wadudu wa mbegu. Mlango ulipofunguliwa, mahitaji yalipanda, na milima yenye misonobari ikaanza kukatwa kupisha mashamba. Pesa zikawaita watu wenye bunduki, na wakulima wakatozwa kodi ya woga. Katika mji wa Cherán wa watu wa Purépecha, mwezi Aprili 2011, wanawake ndio walioanza kuyazuia malori ya wakata magogo, alfajiri, karibu na kanisa. Mji ule tangu hapo unajilinda na kujitawala wenyewe.

Sijui namna ya kuliponda parachichi huku nikiwafikiria wanawake wale bila mkono kuwa mzito. Wala sitaki uwe mwepesi. Nililinunua kwa bei ndogo, katika wiki ambayo lilikuwa limeshushwa bei, na ninajua kwamba sehemu ya bei hiyo ililipwa na mtu mwingine, mahali pengine, kwa sarafu ambayo si pesa.

*

Krimu chachu huchanganywa na unga wa viungo, ule unaouzwa kwenye vifuko vidogo. Mimi husaga mwenyewe. Pilipili kavu, kitunguu saumu, oregano, na bizari nyembamba kwa wingi. Mara ya kwanza nilipokaanga bizari hiyo katika jiko la hapa ilinibidi nikae kitini. Nyumba nzima ilinuka pilau. Nilikuwa nimefika mji huu wiki chache tu, simjui mtu, na harufu ile iliyotoka kwenye kikaango changu cha kigeni ilikuwa harufu ya ua wa nyuma wa nyumba yetu Mchangani siku ya harusi, masufuria juu ya mafiga, shangazi zangu wamejifunga kanga viunoni.

Bizari si ya Amerika. Ilitoka upande wa bahari ya Mediterania na nchi za mashariki yake, ikapanda meli za Wahispania. Ndani ya Mexico hutumiwa kwa kiasi kidogo. Hapa Texas ilishika mizizi mpaka ikawa ndiyo alama ya chakula cha mji. Katika viwanja vya San Antonio, tangu karne ya 19, wanawake waliuza nyama iliyopikwa na pilipili usiku kucha, wakiwa na meza ndefu na taa za mafuta. Wangekuwa kwetu tungewaita mama ntilie. Watalii waliwaita malkia wa pilipili, waliwaandika, waliwapiga picha, kisha katika miaka ya 1930 na 1940 wanawake hao wakaondolewa viwanjani kwa kanuni za afya. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1890, mhamiaji wa Kijerumani aliyeitwa William Gebhardt, mwenye mgahawa huko New Braunfels, alikuwa ameanza kusaga pilipili na viungo na kuviuza vikiwa unga tayari. Jina la Gebhardt lilibandikwa kwenye chupa na makopo. Majina ya wale wanawake ni machache mno yaliyoandikwa. Kila ninapokoroga unga huu ndani ya krimu nyeupe, rangi ikageuka kuwa ya waridi iliyopauka, najaribu kuwakumbuka hata bila majina.

Juu ya krimu ni salsa. Wengine hutumia ya chupa. Mimi hukata nyanya, kitunguu, pilipili, kotmiri na kukamulia ndimu. Hapa huitwa pico de gallo, mdomo wa jogoo. Nilipomwambia señora kwamba kwetu tunaiita kachumbari alitaka nilirudie neno hilo mara tatu, na tangu siku hiyo akinipigia simu kuniagiza chakula husema lete cachumbari, kwa lafudhi yake, bila kunitania. Siri ni kuichuja. Nyanya ikishatiwa chumvi hutoa maji, na maji hayo yakiingia bakulini yatashuka mpaka kwenye maharage na kuharibu kazi ya asubuhi nzima. Naiacha kwenye chujio nusu saa. Maji yanayochuruzika nayanywa mwenyewe, nimesimama, kwa kikombe.

Kisha jibini, ambayo watu hudhani ndiyo tabaka la kawaida kuliko yote. Kabla ya Wahispania kutua pwani ya Veracruz mwaka 1519 hapakuwa na ng'ombe Mexico, kwa hiyo wala maziwa yake, wala krimu. Na jibini ya Texas ni ya njano, aina ya cheddar, ambayo chimbuko lake ni kijiji cha Uingereza. Lakini maziwa hayatoi njano kali hivyo. Watengenezaji huitia rangi, na rangi hiyo hutoka kwenye mbegu za mzingefuri. Ndiyo, mzingefuri uleule ambao pale Kizimbani, Unguja, watembeza wageni hupasua tunda lake na kupaka wekundu kwenye vipaji vya nyuso. Mti huo ni wa Amerika ya kitropiki. Mbegu zake zilivuka bahari mpaka Uingereza zikapaka rangi jibini ya wakulima wa huko, jibini ikavuka bahari na wahamiaji, na sasa inateremka kutoka kwenye kikwanguo changu juu ya nyanya na parachichi, vitu ambavyo mbegu ile ilikua navyo kabla havijatengana. Nilipolijua hili nilikaa na kipande cha jibini mkononi muda mrefu.

Zeituni nyeusi za kopo ni za California. Mjane Freda Ehmann ndiye aliyeanzisha biashara yake huko Oroville mwishoni mwa karne ya 19, baada ya kuzijaribu kwenye mapipa barazani. Weusi wake si wa kuiva mtini. Huchumwa bado mbichi, zikalowekwa kwenye magadi makali na kupitishiwa hewa mpaka zigeuke. Nazikata vipete vyembamba. Vitunguu majani navinyunyizia mwisho kabisa, na juu yake sina la kusema zaidi ya kwamba bila ukijani ule bakuli huonekana halijakamilika.

*

Kuna waliokidharau chakula hiki, na hoja zao si za kupuuza. Mwaka 1972 Diana Kennedy, mwanamke wa Kiingereza aliyeishi Mexico, alitoa kitabu chake The Cuisines of Mexico. Alizunguka vijiji kwa vijiji, aliketi na wapishi wanawake, na aliwatendea haki kwa kuandika wanayoyajua kwa usahihi ambao wachache wamewahi kuufikia. Lakini katika kuutetea upishi wa ndani ya Mexico aliweka mstari, na wa kaskazini ya mpaka wakajikuta upande wa pili. Chakula chao kikaanza kuitwa Tex-Mex kwa sauti ya kupunguza. Jina lenyewe hapo awali lilikuwa kifupisho cha reli iliyojengwa karne ya 19 kati ya Corpus Christi na Laredo.

Nikimtazama señora akikaanga maharage, nashindwa kuuona mstari huo. Mpaka mwaka 1821 wazee wake walikuwa raia wa mfalme wa Hispania. Kisha Mexico ikapata uhuru. Mwaka 1836 Texas ikajitenga na kuidai ardhi yao, mwaka 1845 ikajiunga na Marekani, vita vikapiganwa, na mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa mwaka 1848 ukauweka mpaka kwenye Rio Grande. Mzee aliyezaliwa kwenye shamba lile na kufia kwenye shamba lile aliweza kuishi chini ya bendera kadhaa bila kuhamisha kitanda chake. Alichokula ni kilichokuwapo. Maharage yalikuwapo, ng'ombe walikuwapo, baadaye reli ikaleta jibini ya njano na makopo, naye akapika. Kumwambia kwamba chakula chake si cha kweli ni kumwambia kwamba angepaswa kuacha kuishi siku mpaka ulipohama.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu sisi watu wa pwani tumelisikia likisemwa juu yetu. Tumeambiwa lugha yetu ni mchanganyiko tu, mavazi yetu ya Waarabu, pilau yetu ya Wahindi, kana kwamba mtu aliyekaa ufukweni miaka elfu moja na kupokea majahazi kutoka pande zote hana hata jambo moja alilolifanya kwa mkono wake. Chukua bakuli la urojo pale Forodhani: bhajia, viazi, kachori, mihogo mikavu ya kukaanga iliyovunjwavunjwa, chatini ya nazi, pilipili, mchuzi wa embe mbichi au ukwaju. Kila kimoja kina safari yake. Lakini nenda Gujarat, nenda Muscat, nenda Lisbon, urojo hutaupata. Umezaliwa pale unapoliwa.

Yako mambo, hata hivyo, ambayo hupotea chakula kinapohama, na sitaki kuyafunika kwa mapenzi yangu. Mahindi ndiyo mfano mkubwa. Wakulima wa bonde la mto Balsas walianza kuyaendeleza kutoka kwenye nyasi za mwituni yapata miaka 9,000 iliyopita, na wanawake wa Mexico waligundua kwamba lazima yachemshwe na chokaa kabla ya kusagwa. Wanahua waliita mahindi hayo nixtamalli. Chokaa hulainisha ganda, huupa unga mshikamano, na huifungua ndani ya punje ile vitamini ya niasini ambayo vinginevyo mwili hauipati. Wazungu waliyabeba mahindi duniani kote. Chokaa hawakuibeba. Palipokuwa na maskini wasio na chakula kingine zaidi ya mahindi, kukatokea pelagra, ngozi kubabuka na akili kuvurugika; katika majimbo ya kusini ya Marekani peke yake, mwanzoni mwa karne ya 20, iliua watu kwa maelfu. Walichukua punje wakawaacha nyuma waliokuwa wanajua kuipika. Señora hajapata kusoma habari za pelagra, lakini nikimsikia akisema mpaka chini, mimi husikia na hilo.

Kaukau tunazochovea ni tortilla za mahindi hayo ya chokaa, zilizokatwa pembetatu na kukaangwa. Anayesifiwa kwa kuzitia sokoni ni Rebecca Webb Carranza wa kiwanda cha El Zarape, Los Angeles, ambaye katika miaka ya 1940 alianza kuzikata na kuzikaanga tortilla zilizotoka mashineni zikiwa zimepinda. Zilikuwa za kutupwa.

*

Bakuli lilikaa kwenye friji saa moja na nusu. Saa kumi na mbili jioni nililifunika kitambaa nikapita nalo mlango wa uani. Joto la Texas mwezi wa Juni halisamehe krimu, kwa hiyo nililiweka juu ya sinia lenye barafu, kivulini.

Nimekula kwenye sinia maisha yangu yote. Nilifundishwa kula mbele yangu, nisivuke upande wa mwenzangu, nyama isukumwe kwa mgeni. Nilipofika nchi hii kilichonikausha zaidi ya baridi ni sahani: kila mtu na yake, kila mtu na kipimo chake. Ndiyo maana karamu za huku, watu wanapolizunguka bakuli hili bila vijiko, huniletea utulivu nisioupata mahali pengine. Na wana adabu zao. Kaukau iliyokwisha kung'atwa hairudi bakulini. Mtoto huonywa kwa jicho. Mtu hupewa pembe yake bila kuandikiwa. Kijana mmoja alisimama upande wangu akasukuma zeituni nyingi kuelekea kwangu alipoona nazipenda, na mkono wake ulikuwa mkono wa mjomba wangu.

Waligusa juu kwanza, kama kawaida. Shimo la kwanza lilionyesha nyeupe, la pili kijani. Señora alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mti wa pekani, amevaa gauni la bluu, hasemi kitu. Mjukuu wake, joho bado begani, alikuwa akikumbatiwa na huyu na yule. Ndiye wa kwanza wa ukoo wao anayekwenda chuo kikuu, huko Austin, na bibi yake ameniambia mara nyingi juma hili, akiwa na furaha na akiwa na kitu kingine ambacho si furaha, kwamba mtoto huyu Kihispania anakielewa lakini hajibu kwacho.

Nilipokwenda kuchukua bakuli langu giza lilikuwa limeanza kuingia na barafu imekuwa maji. Ilibaki pembe moja tu, matabaka yote saba bado yamesimama. Mjukuu akaja upande wa pili wa meza na kaukau ya mwisho ya mfuko, akamtazama bibi yake, akaizamisha wima. Nilisikia ncha yake ikigonga kioo. Akaiburuza taratibu, ikapanda na vyote, akaishikia kiganja chini isidondoke, na badala ya kuila akaivusha ua mzima mpaka kwenye kile kiti cha plastiki.

“Toma, abuela,” akasema. Chukua, bibi.